Picha ni ya kweli, sasa shida iko wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwakilishi kwenye vyombo vya habari

Nimeisoma hii kitu miaka kadhaa, nikaifundisha kidogo, na maswali ninayokutana nayo huwa ni yaleyale, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Majibu mengine marefu mengine ya mistari miwili, inategemea swali lenyewe lina nyama kiasi gani.

Hivi hii taaluma inasoma nini hasa?

Inasoma uwakilishi. Yaani jinsi gazeti, redio, tv, filamu, tangazo au klipu ya kwenye simu inavyochukua kipande cha dunia na kukuletea kikiwa kimeshakatwa, kimepangwa na kupewa jina. Hakuna chombo kinacholeta dunia nzima, taarifa ya habari ina nusu saa na dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, lazima mtu achague. Tunachosoma ni huo uchaguzi: nani kaufanya, kwa mazoea gani, kwa hela ya nani, na nini kimebaki nje.

Mimi huwa napenda kuanzia kwenye neno lenyewe. Kuwakilisha ndani yake kuna wakili. Na wakili ni mtu anayesema kwa niaba yako, kwahiyo swali la kwanza kwa wakili yeyote ni nani kakutuma? Sasa picha ya mkimbizi, ya mama anayelia, ya mtuhumiwa, zote zinasema kwa niaba ya mtu, na mara nyingi huyo mtu hajamtuma yeyote. Ukilishika hilo umeshika nusu ya somo.

Kwahiyo mnasema waandishi wa habari ni waongo?

Hapana bana, na hili ndo swali linanichosha kuliko yote. Ingekuwa shida ni uongo tu kazi ingekuwa rahisi, unaukamata, unausahihisha, unaenda kulala. Ugumu uko kwenye vitu ambavyo ni kweli.

Chukua kimbunga Katrina, Agosti 2005, New Orleans imejaa maji. Zinatoka picha mbili karibu wakati mmoja, kila moja na shirika lake la habari. Ya kwanza kijana mweusi anatembea kwenye maji yanayomfika kifuani huku kabeba vitu, maelezo chini ya picha yanasema ametoka kupora duka. Ya pili wazungu wawili, maji hayohayo, nao wamebeba vitu, maelezo yanasema wamepata mkate na soda. Watu wakaziweka sambamba na moto ukawaka.

Ila subiri, maana hapa wengi wanasema ubaguzi wanafunga daftari. Walipoulizwa, upande wa kwanza ukasema mpiga picha alimuona kijana akiingia dukani na kutoka na vitu, na mpiga picha wa pili akasema yeye hakuwaona wale wawili wakiingia popote, vitu vilikuwa vinaelea. Kila mmoja ana utetezi unaoeleweka! Lakini msomaji hakupewa utetezi, alipewa picha mbili na vitenzi viwili, kupora na kupata, na vitenzi hivyo vikatua kwenye vichwa ambavyo tayari vilikuwa na sura ya mporaji. Ndo maana hatuishii kuuliza kama mwandishi alikuwa na nia mbaya. Anaweza kuwa na roho safi kabisa na matokeo yakawa yaleyale.

Lakini kamera si inanasa tu kilichopo mbele yake?

Inanasa, sawa, ila kuna mtu kasimama nyuma yake na kuna mtu mwingine ofisini. Mwaka 1855 kwenye vita vya Crimea mpiga picha wa Kiingereza Roger Fenton alipiga barabara moja mara mbili, kamera imesimama palepale, picha moja mipira ya chuma ya mizinga imetapakaa barabarani na nyingine barabara tupu mipira iko mtaroni. Watu wamebishana muda mrefu ipi ilitangulia. Aliyekuja kulichimba sana aliangalia vijiwe vidogo vya kando ambavyo vilikuwa vimeserereka kidogo kuelekea bondeni, akahitimisha kuwa ile ya barabara tupu ndo ya kwanza, maana yake mipira ilisogezwa barabarani baadaye. Vita vilikuwepo, mipira ilikuwa ya kweli, hatari ilikuwa ya kweli. Ila mpangilio umetengenezwa.

Halafu kuna jarida la National Geographic, Februari 1982, walizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima. Na Juni 1994 majarida mawili ya Marekani yaliweka jaladani picha ileile aliyopigwa polisi O.J. Simpson, mchezaji wa zamani mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji, wiki moja, Newsweek wakaiacha ilivyo, Time wakaitia weusi zaidi. Ukiliona la Time peke yake hushtuki chochote. Ukiyaweka pamoja unaona mtu kashahukumiwa kwa rangi kabla ya kesi. Ndo maana nawaambia wanafunzi usichambue kitu kimoja kikiwa peke yake, tafuta pacha wake.

Na hata kabla hujabonyeza kitufe kuna maamuzi yalishafanyika kiwandani. Filamu za rangi za kutia kwenye kamera, za Kodak, kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ndo kipimo, kwahiyo kwenye picha ya pamoja watu weusi walitoka macho na meno tu. Na kilichosaidia mabadiliko, kinachekesha na kuuma kwa pamoja, ni malalamiko ya watengeneza fanicha na chokoleti kwamba rangi za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Mbao zikasikilizwa kabla ya watu.

Haya mambo yalianza lini na nani?

Kwa kifupi tu. Mwandishi wa Marekani Walter Lippmann mwaka 1922 ndo alilichukua neno stereotaipu kutoka kwenye uchapaji, kule lilikuwa bamba la chuma la kuchapia kitu kilekile mara nyingi, akalitumia kwa picha tulizonazo kichwani kuhusu watu wengine. Mwaka 1964 kikaanzishwa kituo cha masomo ya utamaduni Birmingham, Uingereza, na mtu aliyekuja kukipa jina kubwa ni Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyekwenda Oxford mwaka 1951. Sidhani ni bahati tu kwamba aliyeielewa vizuri hivi habari ya kuwakilishwa na wengine alikuwa mtu wa koloni anayetazama tv ya mkoloni.

Mbona mnafanya watazamaji kama wajinga wanaomeza kila kitu?

Hilo lilikuwa kosa la wa zamani. Hall mwaka 1973 aliliweka vizuri: anayetengeneza ujumbe anaufunga kwa namna fulani, na anayeupokea anaufungua kwa namna yake, na hakuna sheria kwamba lazima vilingane. Unaweza kuupokea kama ulivyokusudiwa. Unaweza kukubali kwa ujumla ila kwako ukaweka "lakini". Au unaukataa kabisa, unasikia taarifa inasema wafanyakazi wamesababisha usumbufu kwa kugoma na wewe unasikia bosi kagoma kulipa.

Ila tusivuke mpaka tukasema kila mtu anaelewa anavyotaka basi media haina nguvu. Sentensi iliyofungwa na shirika kubwa inafunguliwa na mamilioni, kukataa kwako unakufanyia sebuleni. Hizo nguvu hazifanani hata kidogo.

Siasa inaingilia wapi hapo?

Kila mahali, na sio siasa ya vyama tu. Ya kwanza ni nini kinaonekana ni tatizo. Wakati wa uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 1968 watafiti McCombs na Shaw walihoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill ambao walikuwa hawajaamua, wakalinganisha mambo waliyosema ni muhimu na mambo yaliyopewa nafasi kwenye habari. Yalifuatana sana. Kwahiyo chombo kinaweza kushindwa kukupa jibu la kufikiri, lakini kinakupa cha kufikiria, na ukishapangiwa mtihani tayari umeshabanwa.

Ya pili ni nani anaitwa kuongea. Kuna mradi wa kimataifa wa kufuatilia habari ambao tangu 1995 unachagua siku moja kila miaka mitano na kuhesabu nani yumo kwenye habari za dunia. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaozungumziwa au kuhojiwa. Mwaka 2020, asilimia 25. Miaka 25 imeongeza pointi 8, piga hesabu mwenyewe itafika nusu lini. Na hii ni kuhesabu tu kuwepo, hujauliza yumo kama nani, kama mtaalamu au kama mama wa marehemu.

Ya tatu ni njia za habari zenyewe, nani anamiliki mabomba. Miaka ya 1970 nchi nyingi zilizotoka kwenye ukoloni zililalamika kwamba habari zao zinaandikwa na mashirika machache ya nchi tajiri halafu wanauziwa wenyewe. UNESCO ikaunda tume chini ya Seán MacBride, ripoti ikatoka 1980. Wakubwa wakaja juu, wakasema hii ni njama ya serikali kudhibiti waandishi, na kusema ukweli baadhi ya serikali zilizoshabikia zilikuwa na nia hiyohiyo. Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza 1985, ugomvi huo ukiwa moja ya sababu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, ila wa chini ndo hakuwa na ngozi ya kuvuta.

Na ya nne ndo nzito. Rwanda, redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, muziki mzuri, utani, watangazaji wanaongea lugha ya mtaani, na katikati ya hayo Watutsi wanaitwa mende. Mwaka 1994 ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ikawatia hatiani watu 3 wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Mtu akikuambia maneno hayaui, huo mfano unatosha, na kumbuka haikuanza na amri ya kuua, ilianza na jina. Ukishamfanya mtu mdudu, kinachofuata kinaitwa usafi.

Si mwandishi aweke pande zote mbili tu, yaishe?

Inasaidia pale ambapo kweli kuna pande mbili. Ukimleta mwanasayansi mmoja anayesema dunia inapata joto kwa sababu ya binadamu na mmoja anayekataa, mtazamaji anaona bao moja moja, wakati upande mmoja uko karibu na fani nzima. Usawa wa viti studioni nao ni uwakilishi, na unaweza kuwa wa uongo kuliko upendeleo wa wazi.

Filamu na tamthilia nazo? Si ni za kubuni?

Ndiyo ni za kubuni, ila hazibuni kutoka hewani. Mtengeneza filamu Mrusi Lev Kuleshov miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917 alichukua sura ya mwigizaji mmoja isiyobadilika akaiunganisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji wakasifu jamaa anavyoigiza njaa, huzuni, tamaa. Sura ni moja! Maana ilitoka kwenye kilichowekwa jirani. Sasa fikiria miaka mingi ya filamu zinazoweka lafudhi fulani jirani na bomu.

Mbona na stereotaipu nzuri mnazilalamikia?

Kwa sababu nazo ni bamba la chuma. "Watu wa kule wanajua hesabu", haya, na yule wao anayefeli hesabu anajificha wapi.

Mpiga picha akimkuta mtu anakufa, apige picha au asaidie?

Hili linakuja kila muhula na mfano ni uleule, Kevin Carter. Machi 1993, kusini mwa Sudan, mtoto ameinama chini kwa njaa, tai ametua nyuma yake. New York Times wakaichapisha tarehe 26 Machi, simu zikamiminika kuuliza mtoto yuko wapi, gazeti halikuwa na jibu kamili. Aprili 1994 picha ikashinda tuzo ya Pulitzer, Julai mwaka huohuo Carter akajiua.

Watu hupenda kuisimulia kama hukumu, picha ikamlipiza. Mimi siipendi hiyo simulizi, mtu huyo alikuwa na mizigo mingi na miaka ya kupiga picha za mauaji. Na tena hiyo simulizi yenyewe ni mfano wa somo letu: kwenye mkono wa mtoto kuna kibangili, maana yake alikuwa ameandikishwa kwenye kituo cha chakula ambacho hakikuwa mbali. Kipo kwenye picha, hakijafichwa, ila hakuna anayekiona kwa sababu tai amekula macho yote. Miaka mingi baadaye waandishi wa Hispania wakafuatilia wakamkuta baba, akasema mtoto alinusurika siku ile na alifariki akiwa mkubwa kwa homa. Na alikuwa wa kiume, dunia ilikuwa imeshamuita msichana.

Jibu langu kwa swali lenyewe: kama mkono wako ndo tofauti ya kufa na kupona, weka kamera chini. Mara nyingi sivyo ilivyo, kuna wahudumu pembeni, na picha ina kazi yake. Ila swali ambalo hawaulizi, na ndo ningependa waulize, ni la mhariri: kwanini kati ya picha zote za njaa ile ilichaguliwa isiyo na mtu mzima hata mmoja, mama wala mhudumu? Ukishawaondoa hao, anayetakiwa kuokoa anakuwa ni wewe msomaji wa mbali, na wenyewe wanaonekana hawapo kabisa kwenye maisha yao.

Mtu aliyepigwa picha ana haki gani?

Kisheria inatofautiana, kimaadili mfano wangu ni Florence Owens Thompson. Ndiye yule mama wa ile picha ya Dorothea Lange ya Machi 1936, California, watoto wamejificha mabegani kwake. Lange hakuandika hata jina lake. Picha ikawa sura ya umaskini wa Marekani nzima, ikazunguka kwenye vitabu na magazeti, na yeye akaendelea kuchuma mashamba ya watu bila kulipwa senti ya picha. Mwaka 1978 ndo jina lake likajulikana, na alikuwa na uchungu. Maelezo ya Lange yalisema familia imeuza matairi ya gari kununua chakula, familia ikasema hawakuuza matairi yoyote. Na kingine: alikuwa wa asili ya Cherokee, wakati nchi nzima ilimhurumia kama mama mzungu. Ingebaki huruma ileile kama maelezo yangesema ukweli? Hapo ndo narudi kwa wakili. Picha ilisaidia, chakula kilipelekwa kambini pale, sikatai, ila mteja hakumtuma mtu na hakuiona hati ya kesi yake.

Kwahiyo bora picha za kutisha zifichwe?

Sio kirahisi hivyo. Picha ya msichana wa Vietnam anayekimbia uchi baada ya mabomu ya moto ya napalm, Juni 1972, ilibishaniwa ofisini kwa sababu ya uchi, ikapita, na dunia ikaona vita. Septemba 2016 Facebook wakaiondoa kwa kanuni ileile ya uchi wa mtoto, Wanorwe wakapiga kelele mpaka ikarudishwa. Kanuni iliona uchi haikuona vita. Kipimo changu mimi huwa ni hiki, maiti za kwenu mnazionyesha? Kama wafu wa karibu mnawafunika shuka na wa mbali mnawaanika ukurasa wa mbele, hiyo sio kanuni ya ukweli, ni kuwapanga watu kwa madaraja.

Akili mnemba imebadilisha kila kitu au bado?

Imebadilisha kimoja kikubwa, kwamba picha inaweza kuwepo bila tukio lolote. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kwenye shindano la Sony la upigaji picha akaikataa zawadi, akasema picha yake imetengenezwa na mtambo. Hatari ya pili huwa inasahaulika, kwamba sasa aliyenaswa kwenye video ya kweli anaweza kusema hiyo imetengenezwa. Ila upande wa nani anaonekana vibaya, ni wimbo wa Kodak umepigwa upya: utafiti wa 2018 wa Buolamwini na Gebru ulikuta programu za kutambua jinsia kwa sura zinakosea mpaka asilimia 34.7 kwa wanawake weusi na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe.

Nataka kufanya utafiti, nianzie wapi?

Anza padogo. Mtu anakuja na mada "uwakilishi wa wanawake kwenye media", hiyo sio mada hiyo ni bahari. Chukua magazeti mawili, tukio moja, wiki mbili. Kwanza hesabu: nani kanukuliwa, mara ngapi, kwa cheo gani, picha ni ya nani. Kuhesabu kunachosha ila kunakuzuia kuona unachotaka kuona. Kisha acha kuhesabu, soma kwa jicho la karibu, angalia vitenzi, angalia nani anatenda na nani anatendwa, "watu 3 wameuawa" na "polisi wameua watu 3" ni habari moja lakini kwenye ya kwanza muuaji katoroka sentensi.

Halafu kuna mchezo mmoja wa kubadilisha, mzuri kuliko nadharia nyingi. Toa mtu mmoja kwenye kichwa cha habari weka mwingine, mwanaume pahala pa mwanamke, tajiri pahala pa maskini, soma tena kwa sauti. Ikisikika kituko, umepata pa kuchimba. Na jiandike na wewe, wewe ni nani unayechambua, maana na ripoti yako inawakilisha watu.

Nikisoma hii nitaweza tena kuangalia filamu kwa raha?

Miezi ya kwanza hapana. Unasimamisha kila dakika mbili kueleza kwanini huyu kapigwa picha kutoka chini na yule kutoka juu, unasoma maelezo ya picha kwa sauti, unahesabu nani anaongea, mpaka unaokaa nao wanakunyang'anya rimoti. Baadaye inatulia, unajifunza kunyamaza mpaka filamu iishe.